Sikukuu ya Mama Darasani

Wako wasemao kuwaalika mama za wanafunzi darasani ni mchezo tu. Mimi sikubali. Anna Jarvis wa Marekani, aliyeianzisha siku hiyo mwaka 1908 kwa ibada mjini Grafton, alitaka kumheshimu mama yake aliyefariki mwaka 1905. Baadaye akawapinga vikali wauza maua na kadi walioigeuza biashara. Basi walimu wasidai mchango wa fedha. Mtoto na amsomee mamaye barua aliyoiandika mwenyewe (wako mama wasiojua kusoma), na chai yatosha. Saa nayo iangaliwe: auzaye sokoni hawezi kuja asubuhi. Na yatima je? Huyo aje na shangazi au bibi amleaye, wala asiachwe nyuma akiwatazama wenzake.