Windows 10 imeachwa, kompyuta kuukuu zielekee wapi?

TAREHE 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo iliouzindua mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo wengi walipodanganyika. Kilichokatika ni marekebisho ya usalama: kasoro mpya ikigunduliwa na wahalifu wa mtandao, haizibwi tena. Kwa wenye kujiandikisha, kampuni ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026.

Wateja walishauriwa kuhamia Windows 11. Lakini mfumo huo unadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel umezikataa karibu prosesa zote zilizotangulia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Miongoni mwa laptopu za mitumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi zimo nyingi za umri huo. Ni mashine nzima, zinazoandika barua na kupiga hesabu bila taabu, ila zimehukumiwa kwa mwaka wa kuzaliwa.

Ikumbukwe kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, kwa mujibu wa taarifa ya Umoja wa Mataifa, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, inatoa mlango mwingine, tena bila malipo. Linux Mint ya aina ya Xfce inaridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa watengenezaji wake wanapendekeza GB 4. Ipo pia Lubuntu, na kwa mashine dhaifu zaidi, antiX. Mtumiaji anaweza kuijaribu kwa flashi kabla ya kugusa diski. Akiamua kuisimika moja kwa moja, anakili kwanza mafaili yake mahali pengine, kwani usimikaji unaweza kufuta kila kitu.

Wapo mashabiki wanaodai kuwa laptopu ya miaka 15 itarudi kuwa mpya. Huko ni kutia chumvi. Mfumo ukiwa mwepesi kiasi gani, kivinjari cha intaneti kikifunguliwa kurasa 10 kitameza kumbukumbu yote. Mara nyingi fedha ya kununua diski ya SSD, badala ya ile ya zamani inayozunguka, huleta nafuu kubwa kuliko mfumo wowote. Kwa mashine za biti 32 mlango unazidi kufungwa: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kuisimika katika kompyuta hizo.

Lugha si kikwazo kikubwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Kikwazo kiko kwenye meza ya mhasibu. Programu nyingi za mahesabu zimeandikwa kwa ajili ya Windows pekee, na baadhi ya printa hugoma kabisa. Ofisi ndogo yenye kompyuta 6 inaweza kubakiza moja ya mhasibu katika Windows, ikiwa imetengwa na intaneti, na kuzihamishia Linux 5 zilizobaki.