Neno "feeble" na mwenzetu tunayemwita "faible"

Safari hii nataka kusema juu ya neno moja tu, kwa sababu linafanya kazi mbaya katikati yetu.

Matokeo yakiisha kusomwa, mara moja tunasikia mu kiwanja: "Uyu njo faible, muache." Mtu amepata 38 kwa 100 katika hesabu, na kuanzia siku ile hakuna anayemwita tena kwenye kikundi cha kujifunza. Akiinua mkono darasani, wengine wanacheka kabla hajafungua kinywa. Tumeshaona wengine wakiacha masomo kabisa. Hawakufukuzwa na pointi, walifukuzwa na neno.

Sasa tuulize: neno hili limetoka wapi?

Katika Kiingereza tumekutana na "feeble", maana yake asiye na nguvu. Ni ndugu wa tumbo moja na "faible" ya Kifaransa. Mama yao ni neno la Kilatini "flebilis", linalotoka kwa "flere", ni kusema kulia machozi. Flebilis ni mtu wa kuliliwa, yule ambaye ukimwona unasikia huruma. Wafaransa wa zamani walisema "feble". Baada ya Wanormandi kushinda Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yalivuka bahari, na hili pia likaingia katika Kiingereza. Lakini njiani machozi yalipotea. Wa kwanza walimlilia mnyonge, sisi tunamcheka.

Kuna neno lingine la ukoo huo: "foible". Katika karne ya 17 Waingereza waliliazima kwa Wafaransa katika mchezo wa panga. Toka mpini mpaka katikati, upanga unaitwa "forte", sehemu ya nguvu, ya kuzuia pigo la adui. Toka katikati mpaka mwisho unaitwa "foible", sehemu dhaifu. Hakuna upanga usio na foible. Tena, ncha inayochoma iko upande gani? Iko upande huo huo dhaifu! Baadaye neno likawa jina la kasoro ndogo ya tabia, ambayo kila mtu anayo yake.

Hapa Likasi tunaweza kufahamu hayo hata bila upanga. Shaba ambayo wazee wetu waliifanyia kazi ku Shituru ni laini kuliko chuma. Lakini ulaini huo ndio unaoiwezesha kuvutwa kuwa waya mwembamba, na kwa waya huo umeme unafika nyumbani. Nani anaidharau shaba?

Wengine watasema: "Kapita, unataka tudanganye? Mwenye 38 ameanguka." Hapana, haiko vile. Kuanguka kusemwe wazi. Mtume Paulo katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 12, hakuficha udhaifu wake. Neno la Kigiriki aliloandika, "astheneia", maana yake ni kukosa nguvu, na lilitumiwa pia kwa ugonjwa. Basi mgonjwa tunamuuliza anaumwa wapi, kisha tunatafuta dawa. Ukisema "hajafahamu kugawanya sehemu", tunajua pa kuanzia. Ukisema "ni faible", juu ya nini tena mtu ajisumbue kumsaidia?

Waswahili wa pwani wana methali: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa haki hiyo ninaomba mambo mawili.

La kwanza, tuache kumwita mtu "faible". Tutaje somo na mahali alipokosa. Walimu wetu pia tunawaomba, kwa heshima yote, watusaidie katika hilo wakati wa kusoma matokeo.

La pili, kila kikundi cha kujifunza kipokee angalau mwenzetu mmoja aliyeanguka, mara mbili kwa juma, mpaka mtihani ujao.

Sisi wa mwaka wa mwisho, hata kama Mtihani wa Serikali unatungoja, tutaanza siku ya Jumatatu, masomo yakiisha. Mwenye shida ya hesabu aje na daftari lake na ile karatasi ya mtihani, hata kama imejaa wino mwekundu. Tutaanzia hapo.

Kapita wa klasi ya mwisho