Chuo cha zimamoto kisichowasha moto



Nina dukuduku kuhusu vyuo vya watu binafsi vinavyotoza ada kwa ahadi ya kuwafundisha vijana wetu kazi ya zimamoto.

Mwanangu alimaliza kidato cha nne akiitamani kazi hiyo tu. Nafasi za Jeshi la Zimamoto na Uokoaji zikitangazwa, waombaji huwa wengi mno na wanaochukuliwa ni wachache. Tukashauriwa aanze na cheti cha chuo kimoja hapa Dar es Salaam, kwamba akikosa jeshini atapata kazi hotelini au kwenye maghala ya mafuta Kigamboni. Nikalipa ada, sare, buti, na fedha ya mafunzo kwa vitendo.

Hayo mafunzo kwa vitendo ndiyo yaliyoniuma hadi nikaandika. Kozi nzima vijana walionyeshwa mtungi mmoja wa poda ya kuzimia moto, tena uliokwisha nguvu, mshale wake umelala kwenye nyekundu. Wakapokezana kuushika na kupigwa picha. Mpira wa maji walichorewa ubaoni. Barakoa na mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni waliviona kwenye simu ya mwalimu. Moto hawakuwashiwa hata wa karai la mafuta ya taa.

Nilimuuliza mwanangu mafuta ya kukaangia yakishika moto afanyeje. Akanijibu barabara: usimwage maji, zima jiko, funika sufuria. Daftarini yamo yote. Lakini mpira wa zimamoto maji yakiujaa kwa kasi humsukuma mtu mzima nyuma, na hilo hulijui mpaka uushike. Anayevaa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza huhema kwa hofu, na hewa ya nusu saa ikamwishia mapema akiwa bado ndani. Kwenye moshi mzito macho hayafai kitu; mtu hutambaa akipapasa ukuta ili ajue njia ya kurudi. Kijana asiyewahi kufungiwa kwenye chumba cha giza akafanya zoezi hilo, siku ya tukio anakuwa mtu mwingine wa kuokolewa.

Kuna pia upande wa kuzuia moto, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa zaidi. Mwaka 1994 moto wa bweni la shule ya Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2009 ikawa bweni la shule ya Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 wakafia bwenini katika shule ya Byamungu, Kyerwa. Mtu aliyefundishwa vizuri akiingia bwenini huanza na nondo za madirisha, mlango wa pili, na nani anakaa na ufunguo usiku. Mwanangu hakupelekwa kukagua jengo hata moja, na cheti chake kinasema amehitimu kinga na tahadhari za moto. Kesho shule ikimwajiri kwa cheti hicho, wazazi watalala wakiamini watoto wao wana mlinzi.

Mhariri, maofisa wa Jeshi hupita kwenye hoteli, maduka na shule kukagua mitungi, na sisi wafanyabiashara hulipia ukaguzi huo. Ni kazi njema. Sasa mbona kwa muda wote mwanangu aliokuwa pale hakufika mtu kukagua mtungi wa chuo kinachofundisha zimamoto?

Ninaomba Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi likae na Jeshi, watangaze magazetini na kwenye ofisi za kata majina ya vyuo vinavyoruhusiwa kutoa mafunzo haya. Chuo kisicho na uwanja wa mazoezi, mipira, mitungi ya hewa na chumba cha moshi kisipewe ruhusa. Mtihani wa vitendo usimamiwe na askari wa zimamoto wenyewe. Jeshi lina chuo chake Chogo, Handeni, na wakufunzi wanaoijua kazi. Na vijana waliokwisha kulipa, akiwamo wangu, wafundishwe upya kwa gharama ya vyuo hivyo au warudishiwe ada yao.

Mzazi na mfanyabiashara,
Mbagala, Dar es Salaam