Maktaba sawa, na chai je?

Mwandishi, katika makala yako ya maktaba kwa wahudumu wa afya, hapo kwenye majarida ya utafiti umepita mbio. Watafiti wamekuwa wakija huku pwani ya Kenya, Msambweni, kwa ajili ya kichocho tangu miaka ya 1980. Mikojo ya watoto wetu ikapimwa, matokeo yakachapishwa ng'ambo. Leo muuguzi wa zahanati kama mimi huku Lunga Lunga akizitafuta makala za zamani, nyingine anatakiwa alipe kwa dola. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusoma majarida mtandaoni, upo tangu 2002, lakini nywila hupewa taasisi, na mara nyingi anayeijua keshahamishwa. Basi tunabaki na vya WhatsApp: mwongozo wa malaria uliopigwa picha kwa simu, ukurasa wenye mwaka haumo.

Na hiyo semina ya mtandaoni ya afya ya akili ya wahudumu uliyoitaja, jamani! Kiungo kinaletwa saa nane mchana, niko peke yangu wadini, leba wamo watatu. Mie naomba kwanza chumba chenye kitanda na mlango unaofungika, chai ya moto alfajiri, na mtu wa kuzungumza naye siku mama anapotufia mikononi. Maktaba wapewe chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC Msambweni, mkutubi wao azihudumie na zahanati.