Cheti cha Afya cha Rubani Binafsi: Muhuri Hauponyi

Kuna desturi iliyoota mizizi katika utawala wetu: penye hatari, tunaongeza karatasi. Mfano wake usiojadiliwa sana ni masharti ya afya kwa rubani binafsi, yaani yule arushaye ndege ndogo kwa shughuli zake mwenyewe na asiyeruhusiwa kulipwa kwa kubeba abiria.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambavyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) huvifuata, rubani huyo sharti awe na cheti cha afya cha daraja la pili, baada ya kupimwa na daktari aliyeteuliwa na mamlaka. Cheti hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, kisha miezi 24. Baada ya miaka 50 inapendekezwa kiwe miezi 12. Hapa Nyamagana tuna Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Daktari bingwa wa pale huaminiwa kuamua nani apasuliwe na nani asipasuliwe. Lakini kama hakuteuliwa, sahihi yake haitoshi kumruhusu rubani avuke ziwa kwenda Rubondo.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja moja nzito: ndege ikianguka, haimuui rubani peke yake. Nakubali. Swali ni kama muhuri huzuia anguko. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps nchini Ufaransa, wakafa watu 150. Alikuwa na cheti halali cha daraja la kwanza, lililo kali kuliko la pili. Ugonjwa wake wa akili ulijulikana kwa madaktari waliomtibu. Mwajiri wake ndiye aliyefichwa.

Wengine husoma msiba ule kama sababu ya kukaza kamba zaidi. Mimi nauona kinyume. Rubani anayejua kwamba kutaja sonona au kifafa kutamnyang'anya leseni, ana kila sababu ya kunyamaza, au kutokwenda kwa daktari kabisa. Wahenga walinena: mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tumetunga kanuni inayomtuza mfichaji na kumwadhibu msema kweli.

Wenzetu wamekwisha kuthubutu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2017, inamruhusu rubani binafsi aliyewahi kuwa na cheti cha anga, na mwenye leseni ya udereva, kupimwa na daktari yeyote aliyesajiliwa kila baada ya miezi 48, na kusoma somo la afya ya urubani kila baada ya miezi 24. Haruki kwa malipo wala kupita futi 18,000, na maradhi mazito ya moyo, neva na akili bado yanahitaji kibali maalumu. Uingereza nayo, tangu 2016, huwaruhusu marubani binafsi wengi kutoa tamko la afya zao wenyewe.

Nasi tunaweza. Ibara ya 38 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 huiruhusu nchi kutoa taarifa kwamba kanuni zake zinatofautiana na viwango vya kimataifa. Basi TCAA imkubali daktari yeyote aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa safari za ndani, za mchana, zisizo za malipo, katika ndege zenye viti vichache. Atakayetaja ugonjwa asimamishwe kwa muda, aelezwe kwa maandishi njia ya kurejea angani, na awe na haki ya rufaa. Wanaolipwa kubeba abiria wabaki na daraja la kwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliangukia ziwani Bukoba katika hali mbaya ya hewa; kati ya watu 43, walikufa 19. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa. Ninyi watumishi wa umma mnaoandika kanuni, jipimeni kwa siku ile: nguvu za taifa ziende kwenye boti za uokoaji na taarifa za hali ya hewa, au kwenye kulinda orodha ya wenye mihuri?