Staa Kaweka Sanduku la Barua la Kimarekani Getini, Kibao cha Namba ya Nyumba Kaking'oa!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina linahifadhiwa ila mjini anajulikana, majuzi kawatembeza mashabiki kwenye mjengo wake mpya. Jiko likaonekana, sebule ikaonekana, bwawa la kuogelea, kabati la viatu lenye taa kama duka la Kariakoo. Video ilipokaribia kuisha kamera ikatoka hadi getini, na hapo ndipo watu walipopagawa: sanduku la barua! Lile lile la kwenye sinema za Kimarekani, jeusi, mgongo wa duara, limekalishwa juu ya nguzo, na ubavuni kibendera chekundu kimesimama wima. Mwenye nyumba akaligonga kwa kiganja, akasema mtaa mzima yuko peke yake mwenye kitu kama hicho.

Hapo hakudanganya. Yuko peke yake kweli, na sababu inajulikana. Bongo mtu wa posta hapiti na mkoba kugawa barua nyumba kwa nyumba. Barua ya kawaida inasubiri posta, kwenye sanduku la kukodi, ile S.L.P. inayoandikwa kwenye kila fomu, na mwenye ufunguo ndiye anayeifuata. Wasio na sanduku lao wanaazima: la shule, la kanisa, la ofisini kwa baba mdogo. Kwa hiyo lile sanduku la getini ni sawa na kununua kitanda cha farasi.

Kibendera nacho kina kisa chake. Kule kilikotoka si pambo. Mwenye nyumba akiwa na barua ya kutuma, anaiweka ndani na kusimamisha kibendera ili mpeleka barua akipita aone kuna mzigo wa kuchukua. Akishachukua anakilaza. Cha staa kimesimama tangu siku ya video. Yaani kwa lugha ya masanduku, jamaa anamwita mtu wa posta usiku na mchana, na mtu wa posta hayupo.

Hata urefu wa nguzo ni wa kubahatisha. Marekani posta inataka sanduku la barabarani likae inchi 41 hadi 45 kutoka usawa wa barabara, kama sentimita 104 hadi 114, kwa sababu mpeleka barua anabaki kwenye gari na kunyoosha mkono dirishani. La staa linamfika kifuani mtu mrefu, juu ya kijibaraza cha maua. Gari likisogea pale linakanyaga maua kwanza.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema pesa ni zake, acha ajimwambafai, roho inawauma nini? Sawa. Tatizo lipo kwenye kile kilichotolewa ili sanduku lipendeze.

Mwanzoni mwa 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi, na ikaharakishwa maana sensa ilikuwa inakuja tarehe 23 Agosti mwaka huo huo. Mitaa ikapewa majina na nguzo, nyumba zikapewa namba, kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano, na ipo programu ya simu inayoitwa NaPA ambayo inakuonyesha njia mpaka kwenye nyumba unayoitafuta. Ile nyumba ya staa ilipata kibao chake kama nyingine zote. Majirani wanasema fundi wa geti aliambiwa akitoe siku anapaka rangi, na hakikurudi. Eti kinachafua geti.

Chukua picha hiyo: sanduku linalomwambia dunia "hapa pana anwani" limewekwa, na anwani yenyewe imeng'olewa ikatupwa stoo.

Sasa lililotokea. Staa alikuwa mkoani kwenye shoo. Nyumbani wamebaki dada wa kazi, ambaye hana hata mwezi pale mjini, na mtoto wa ndugu. Usiku kukatokea shoti kwenye kibanda cha jenereta, moto ukashika. Dada si mjinga, alipiga 114. Zimamoto wakamuuliza mtaa gani, nyumba namba ngapi. Mtaa akautaja nusu nusu. Namba akatoka mbio hadi getini kuitafuta, hakuna. Akasema kwa staa fulani, geti jeusi. Ule mtaa mageti meusi yako kila upande, na usiku yote yanafanana. Akaanza maelezo ya Kibongo: ukifika kwa Mangi unakata kushoto, unapita msikiti, kuna mti mkubwa. Mtoto analia, moshi unaingia korido, na dada wa watu anaelekeza mti!

Walioumaliza ule moto ni majirani, kwa ndoo, mchanga na maji ya lile bwawa la kuogelea. Gari la zimamoto lilipatikana baada ya kijana wa boda kulifuata barabara kubwa na kuliongoza. Dada aliungua mkono. Kesho yake staa akaposti picha ya machweo, "Mungu ni mwema." Ni mwema kweli, ila kibao bado hakijarudi.

Wapo wanaomtetea, na utetezi wenyewe ni mmoja: mtu maarufu hawezi kubandika namba, mashabiki na vibaka watamfuata. Ingekuwa hoja nzuri kama isingetoka kwa watu walioangalia video ya dakika 20 inayoonyesha geti, ukuta, mtaa, duka la jirani, na mwisho picha ya kutoka angani yenye paa la kila nyumba ya pale. Kibaka hahitaji namba, ameshaonyeshwa hadi kabati la viatu liko upande gani. Asiyejua nyumba iko wapi ni yule anayekuja na msaada. Kibao cha tarakimu chache hakijawahi kumwambia mtu nani anaishi ndani.

Na ugonjwa unaambukiza. Mwanamitindo mmoja naye inasemekana kaagiza la kwake, rangi ya dhahabu. Mshereheshaji mmoja wa harusi kaulizia bei hadharani. Ushamba wa mjini ni hatari kuliko wa kijijini, maana wa mjini una mkopo wa kuugharamia.

Cha ajabu ni kwamba sanduku getini si wazo baya hata kidogo. Bili ya maji inakuja kwa meseji, umeme ni LUKU, na hata kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Lakini karatasi bado zinatembea Dar. Kadi za mchango wa harusi kwanza, halafu barua za jumuiya na za msikitini, wito wa kikao cha serikali ya mtaa. Zinasukumwa chini ya geti, mvua ya masika inazikuta, mbwa anazimalizia. Wangapi wamenuniwa ukumbini kwa kadi ambayo haikuwahi kuwafikia? (Na kama staa anataka Umarekani kamili, ajue kule sheria haimruhusu jirani kutumbukiza karatasi isiyo na stempu kwenye sanduku lako. Kadi ya harusi ya jirani ingekuwa kosa.)

Sanduku la maana kwa nyumba ya hapa halifanani na lile la sinema. Linaingia ukutani kando ya geti, mdomo unatazama barabarani, mlango wa kufuli uko ndani ya uzio, ili barua isichukuliwe na mpita njia na mtoto asitoke nje kuifuata. Mdomo uwe na upana wa kupitisha bahasha ya karatasi ya A4 bila kuikunja, yaani zaidi kidogo ya sentimita 23, na uwe mwembamba kiasi kwamba mkono wa mtu mzima hauzami. Juu yake kifuniko kinachoning'inia mbele kama kope, kwa sababu mvua ya Dar inapiga ubavu. Chini matundu madogo, maji yaliyoingia yatoke. Kwa nyumba za Kigamboni na Mbezi Beach, chuma cha kawaida kisidanganye mtu kwa rangi yake nzuri, hewa ya chumvi itakila. Bora chuma kisichoshika kutu, au fundi apige rangi ya kuzuia kutu kwanza ndipo ije ya urembo. Kifungwe kwa bolti ndefu zinazoshika tofali, si plasta. Kazi hiyo fundi yeyote wa mageti barabarani anaiweza, hakuna haja ya kontena kutoka ng'ambo.

Na juu ya sanduku, penye taa, ndipo namba ya nyumba inapokaa, kubwa, ya kusomeka na mtu aliye ndani ya gari usiku. Dada wa kazi aonyeshwe siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa jiko: namba ni hii, mtaa ni huu, ukipiga 114 unasema hivi.

Kibao cha yule staa, kwa maelezo ya fundi aliyekitoa, kiko stoo nyuma ya madebe ya rangi, na skrubu zake nne zimefungwa kwenye kimfuko cha nailoni. Dada karudishwa kwao akapone mkono. Anayeshika nafasi yake kafika Jumatatu, na kapelekwa kwa boda, baada ya kupotea mara mbili.