NAIROBI ITAJENGEWA MARA NGAPI?



Wako watakaoshangaa kwamba waraka wa kupigania mageuzi umeingilia habari za kandanda. Twawajibu hivi: uwanja hujengwa kwa fedha za umma, na penye fedha za umma pana siasa, hata kama wachezaji wenyewe hawajui chama.

Nyayo ulifunguliwa mwaka 1983. Kasarani ukajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Vyote viwili viko Nairobi. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi taifa viwanja vipya vitano, na Mombasa ikatajwa. Kisha, Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zikatunukiwa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Uganda ikaenda kujenga Hoima. Tanzania ikaenda Arusha. Kenya yetu ikachimba msingi kando ya barabara ya Ngong, Nairobi kwa mara nyingine, uwanja wa watu 60,000, ukakopewa zaidi ya shilingi bilioni 44 kwa hati za dhamana. Deni hilo halitalipwa na wakazi wa Nairobi peke yao.

Waumini mwakikumbuka kisa ambacho nabii Nathani alimsimulia Daudi, cha tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyefikiwa na mgeni, akaliacha zizi lake na kumwendea maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Safari hii mgeni ni shirikisho la soka la Afrika.

Wala isisemwe kwamba Mombasa haina wa kuchezea uwanja. Feisal ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965. Bandari ilishinda kombe la taifa mwaka 2019 na kupata nafasi ya kuiwakilisha nchi barani Afrika. Oktoba ya mwaka huohuo Siku ya Mashujaa iliadhimishwa Mombasa, na sherehe ya taifa zima ikafanyiwa bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Kisumu, Homa Bay na Kakamega sherehe kama hizo zimefanyiwa uwanjani.

Lakini tutakuwa wanafiki tukiilaumu Nairobi tu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la vifaa vya michezo. Uwanja wetu wa Manispaa ulibomolewa wakati wa gavana wa kwanza kwa ahadi ya kujengwa upya, na miaka ikapita ukiwa mifupa ya zege. Nani alisaini mkataba, kwa kiasi gani, na kilicholipwa ni kipi? Hayo si matusi kwa mtu yeyote. Ni maswali ambayo Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kuyauliza.

Na hata ungekamilika, ungekuwa kisiwani. Manispaa kisiwani, Mbaraki kisiwani, Tononoka kisiwani! Makasha yanashushwa Kipevu, malori yanaziba barabara za Changamwe, moshi wanauvuta watoto wa Changamwe. Uwanja wenye majukwaa wakautafute ng'ambo ya Makupa. Kijana wa Likoni avuke feri na viatu mkononi. Kisauni, yenye watu wasiohesabika kwa macho, inacheza palipobaki, kwa maana ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilikwisha kueleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa nchini kote. Sisi tuliosomea sheria twajua hati hizo zilipitia mikono ya mawakili, na twalikiri hilo kwa aibu.

Basi kikao cha bajeti kitakapoitwa, parokia na vikundi vya bara visitume mjumbe mmoja wa kunywa soda. Jazeni ukumbi. Ombeni kwa maandishi mkataba wa Manispaa, orodha ya viwanja vya wazi vya Likoni, Kisauni na Changamwe pamoja na hati zake, na fungu la bara litajwe kwa shilingi. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kanisani, mikononi mwa mtu asiyehongeka.